VOLTI ZA KINU CHA UPEPO NA UHAI WA BETRI

Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Kamati ya Elimu imetumwa na tawi iseme nanyi leo juu ya vinu vidogo vya upepo vya kutia stima nyumbani. Haja ya maneno haya mwaijua. Wengi wetu twafanya kazi mjini, lakini wazee na watoto wako nyumbani mashambani, na mahali pengine nguzo za stima bado hazijafika, au zimefika lakini gharama ya kuvutiwa waya haishikiki. Kwa hiyo maombi ya mkopo wa kununua kinu cha upepo yameanza kuletwa mbele ya kamati. Fedha za mkopo huo ni jasho letu sote. Mwanachama akiuziwa chombo kisichofaa, deni litaendelea kukatwa katika mshahara wake miezi mingi baada ya chombo chenyewe kunyamaza.

Malalamiko nayo tumeyasikia. Mtu hununua kinu kilichoandikwa "volti 12, wati 500". Kinasimamishwa, mabawa yanazunguka, watoto wanashangilia, na usiku taa zinazimika saa mbili. Baada ya miezi michache betri imekufa. Aliyeuza kinu asema betri ndiyo mbaya. Aliyeuza betri asema kinu ndicho kibaya. Katikati yao amesimama mfanya kazi na karatasi ya deni mkononi. Twataka kila mmoja wenu atoke hapa akiijua sababu, ili asiweze kurushwa huku na huku kama mpira.

Sababu yenyewe ni hii. Tarakimu iliyobandikwa juu ya kinu haikwambii betri yako itapata nini. Volti za kinu hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa mabawa, na betri ina kipimo chake ambacho haikiachi. Chini ya kipimo hicho haipati kitu. Juu yake sana, inaungua. Atakayeelewa jambo hilo moja ameelewa kazi yote.

TANGI NA PAMPU

Tuseme kwa mfano. Una tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara, na mdomo wake uko mita 12 kutoka chini. Chini una pampu ya mkono. Ukipiga pampu polepole, maji yatapanda mita 5, mita 8, mita 11, na hakuna hata tone litakaloingia katika tangi. Umefanya kazi na jasho limekutoka, lakini tangi ni kavu. Siku utakapopiga kwa nguvu maji yapite mita 12, ndipo yataanza kuingia. Na kadiri uzidishavyo nguvu, ndivyo maji mengi zaidi yaingiavyo kila dakika.

Urefu ule ndio volti. Wingi wa maji yanayoingia ndio ampea. Zidisha volti kwa ampea upate wati, yaani kazi yenyewe inayofanyika.

Kinu cha upepo hufanya vivyo hivyo. Ndani yake mna sumaku zinazozunguka mbele ya koili za waya wa shaba. Sumaku zikizunguka mara mbili kwa upesi, volti nazo huwa mara mbili. Tuchukue kinu ambacho kila bawa lina urefu wa mita 1, kimefungwa kwa betri ya volti 12. Kikizunguka mara 90 kwa dakika chatoa volti 7. Kikizunguka mara 180 chatoa volti 14. Kikiwa hakikufungwa kwa kitu chochote, mara 360 zatoa volti 28, na mara 540 zatoa volti 42. Ni kinu kile kile kilichoandikwa "volti 12".

Betri ya asidi ya volti 12 ina seli 6, kila seli volti 2 na zaidi kidogo. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita itasoma karibu volti 12.7. Ikisoma karibu 12.2, imebaki nusu. Umeme wa kinu, kabla haujafika katika betri, hupita kwenye daiodi, nazo ni vipande vinavyofanya kazi ya mlango wa upande mmoja: umeme waenda katika betri, haurudi kuzungusha kinu. Mlango huo hula kama volti moja na nusu. Kwa hiyo, ili kitu kianze kuingia katika betri, kinu lazima kitoe karibu volti 14. Kinu chetu cha mfano chahitaji mizunguko 180 kwa dakika, na kwa mabawa ya mita 1 mwendo huo hupatikana upepo ukienda kama mita 3 kwa sekunde.

Kinu kingine chaweza kuwa na mabawa yale yale na rangi ile ile, lakini koili zake zimefungwa hivi kwamba volti 14 hazipatikani mpaka mizunguko 400. Hicho kitangojea upepo wa karibu mita 7 kwa sekunde. Siku nzima utakiona kinazunguka, nacho hakilishi betri kitu. Huo ndio udanganyifu wa macho. Kuzunguka si kuchaji.

Waweza kuuliza: betri ikiunganishwa, zile volti 28 na 42 huenda wapi? Jibu ni kwamba betri huzishika. Kinu kikitaka kupanda juu, betri humeza ampea, na ampea hizo huwa mzigo unaozuia mabawa yasikimbie. Ndiyo maana mita ikiwekwa juu ya betri wakati wa upepo mkali husoma volti 13 au 14 tu, si 42. Asiyejua husema kinu ni kidogo. Ajuaye hutazama mita ya ampea.

UPEPO NA HESABU YAKE

Nguvu ya upepo haiongezeki kama mshahara, shilingi juu ya shilingi. Upepo ukienda mara mbili, nguvu yake huwa mara nane. Na hakuna kinu duniani kiwezacho kuichukua nguvu yote. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1920 ya kwamba kinu hakiwezi kupita asilimia 59 na kidogo. Vinu vidogo vya nyumbani, ukitoa hasara za sumaku, koili, daiodi na waya, hufikisha katika betri kama robo hivi.

Basi kinu chetu cha mabawa ya mita 1 kitatoa hivi, kwa hesabu ya robo:

Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu aendaye kwa baisikeli bila haraka: wati 30.
Upepo wa mita 6: wati 100.
Upepo wa mita 8: wati 240.
Upepo wa mita 10, unaotikisa miti midogo mizima: karibu wati 470.

Hesabu hii ni ya hewa ya pwani. Katika nchi za juu, kama Nairobi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo punguza sehemu moja katika sita.

Sasa mwaona zile "wati 500" zilitoka wapi. Zilipimwa katika upepo wa mita 10 kwa sekunde au zaidi. Upepo wa namna hiyo wako watu wanaoupata. Karibu na Ziwa Turkana, katika Marsabit, kulizinduliwa mwaka 2019 vinu vikubwa 365, kila kimoja kilowati 850, kwa sababu upepo wa huko ni mkali na wa kudumu. Lakini nyumba iliyo bondeni, iliyozungukwa na mikaratusi, haina upepo wa Marsabit. Mwenye nyumba hiyo atapata wati 30 za kawaida, na siku nyingine asipate kitu.

Hata hivyo tusizidharau wati 30. Zikija mchana na usiku ni wati-saa 720. Taa nne za kisasa za wati 5, zikiwaka saa 5, zatumia wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa 8 ni 40. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Simu tatu ni kama 30. Jumla ni 290. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600. Kwa hesabu hiyo nyumba yakaa siku mbili bila upepo, na betri haiumii. Kwa jamaa nyingi huo ni mwangaza wa kutosha.

Na tuseme ukweli wote: kama kwenu upepo ni haba na jua ni kali, fedha yako itafanya kazi zaidi katika sola. Kinu kinafaa mahali penye upepo, na hasa hukamilisha kazi ya sola usiku na siku za mawingu. Kamati haiuzi vinu wala sola.

BETRI HUFA KWA NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni njaa. Betri ya asidi ikiachwa nusu tupu juma baada ya juma, madini magumu hushika juu ya sahani zake za risasi, na haitapokea tena chaji kama kwanza. Hii ndiyo huua betri nyingi ambazo kinu chake hakifikii volti. Mtu hudhani betri ilikuwa mbovu dukani, kumbe ilikufa kwa kukosa chakula.

Njia ya pili ni kuvimbiwa. Betri ya volti 12 ikipita volti 14.4 na kuendelea kulazimishwa, maji yake huchemka na kwenda hewani, sahani huachwa wazi, na gesi ya hidrojeni hutoka. Gesi hiyo ikikutana na cheche hulipuka na kumwaga asidi. Betri isiwekwe chumba cha kulala wala jikoni. Iwekwe mahali penye hewa, wala pasiwashwe kiberiti karibu nayo.

Basi yatakiwa chombo cha kuilinda betri, ambacho mafundi hukiita kontrola. Hapa ndipo wengi hupotea. Kontrola ya sola, betri ikijaa, hukata waya tu. Paneli ya sola haidhuriki kwa kukatwa. Kinu cha upepo ukikikata katikati ya upepo mkali umekiondolea mzigo wake, na mabawa yatakimbia kama gari lililokatika breki mlimani. Volti zitaruka, zile 28 na 42 tulizotaja, na zaidi. Kontrola itaungua, na bawa laweza kuvunjika na kurushwa mbali.

Kontrola ya kinu cha upepo haikati. Betri ikijaa, huupeleka umeme uliozidi katika koili ya joto, kama ile ya kuchemshia maji, ili kinu kiwe na mzigo saa zote. Koili hiyo lazima iweze kubeba wati zote za kinu siku ya upepo mkali kabisa. Muuzaji asiyekuonyesha koili hiyo hajakuuzia chombo kizima.

Wenye kununua betri za lithiamu wajihadhari vile vile. Betri hizo huvumilia kutumiwa sana kuliko za asidi, lakini ndani yake mna kilinzi kinachojifunga ghafula hatari ikitokea. Kikijifunga, kinu kimebaki bila mzigo kwa mara moja. Kontrola iwekwe ipeleke umeme katika koili ya joto kabla kilinzi hakijafunga.

VOLTI 12, 24 AU 48?

Wako wanaouliza kwa nini vinu vingine ni vya volti 24 au 48. Sababu kubwa ni waya. Tuseme mnara uko mita 30 kutoka nyumba. Umeme waenda na kurudi, mita 60. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba huzuia umeme kiasi cha omu 0.175. Wati 240 katika volti 12 ni ampea 20, na waya utakula wati 70. Katika volti 24 ni ampea 10, na waya utakula wati 17 na nusu. Katika volti 48 ni ampea 5, hasara ni wati 4 na kidogo. Ukizidisha volti mara mbili, hasara yashuka hata robo yake. Mwenye volti 12 na mnara wa mbali yampasa anunue waya mnene, na shaba ni ghali.

Jambo hili wakulima wa Marekani walilijua zamani. Kati ya miaka ya 1920 na 1950, kabla nyaya za stima hazijafika katika mashamba yao, wengi waliwasha taa kwa vinu vya upepo. Vinu vidogo vya Wincharger vilichaji betri za volti 6 za redio. Ndugu wawili, Marcellus na Joe Jacobs, waliokulia katika shamba la Montana, walitengeneza vinu vikubwa zaidi vya volti 32, na betri zake zilikuwa na seli 16. Pamoja na vinu hivyo ziliuzwa taa, pasi na mashine za nyumbani za volti 32 hizo hizo. Kinu, betri, waya na taa vilipangwa kama jamii moja. Nasi yatupasa tufanye hivyo.

Mtu mwingine hufikiri atashinda kwa werevu: achukue kinu cha volti 48, akifunge kwa betri ya 12, kichaji hata kwa upepo mdogo. Kweli kitaanza mapema, lakini betri itakishika shingo. Mabawa hayataweza kufikia mwendo wao, na upepo mzuri ukija watazuiwa wasiuchukue. Kila kinu na betri ya kipimo chake.

Twawakumbusha pia ya kwamba chombo hiki si uchawi wa ng'ambo. Hugh Piggott wa Scoraig, katika Uskoti, amewafundisha watu wa nchi nyingi kutengeneza kinu kwa habu ya gari, sumaku kali, koili zilizofungwa kwa mkono na mabawa ya mbao. Fundi wa jua kali aweza kazi hiyo akifundishwa. Kinu chetu cha mfano, ukizidisha mizunguko ya waya katika koili mara mbili kwa waya wenye nusu ya milimita za mraba za ule wa kwanza, chawa cha volti 24 kwa mwendo ule ule. Volti zafungwa kwa mkono wa fundi, na fundi aliyejua hesabu hiyo astahili malipo ya fundi, si ya kibarua.

USALAMA WA ANAYEPANDA

Chama hakiwezi kunyamaza juu ya hili. Mabawa yawe juu kwa mita 10 kuliko mti au paa lolote lililo ndani ya mita 100, nao ni urefu wa kuua mtu. Mnara uwe wa kulazwa chini kwa kamba, ili matengenezo yafanywe ardhini. Kabla ya kugusa kitu, kinu kisimamishwe. Nyaya tatu zitokazo katika kinu zikiunganishwa pamoja kwa swichi yake, mabawa hupunguza mwendo hata karibu kusimama. Kazi hii ifanywe upepo ukiwa mdogo, maana katika tufani breki hiyo yaweza kushindwa. Kinu cha volti 48 kikikimbia bila mzigo chaweza kupita volti 150, na hizo si za kuchezea. Fyuzi iwe karibu na betri, kwa maana betri ikigusana ncha kwa ncha huyeyusha waya na kuwasha nyumba.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kamati yaleta mbele yenu maswali sita. Muuzaji ayajibu kwa maandishi, na karatasi iambatishwe na ombi la mkopo.

1. Kinu hiki hufikia volti za kuchaji betri yangu kwa mizunguko mingapi kwa dakika, na kwa upepo wa mita ngapi kwa sekunde?
2. Mabawa yana urefu gani? (Urefu huo ndio usemao kweli kuliko wati zilizobandikwa.)
3. Kitatoa ampea ngapi katika betri kwa upepo wa mita 4, na mita 6?
4. Kontrola ni ya upepo au ya sola? Koili ya joto iko wapi, na yabeba wati ngapi?
5. Waya una unene gani kwa umbali wa nyumba yangu, na utakula wati ngapi?
6. Nani atakayekuja kikiharibika, na kwa muda gani bila malipo?

Asiyeweza kujibu la kwanza na la nne, usimpe fedha yako.

Tena twaomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, tawi linunue mita moja ya volti na ampea, na kipimo kimoja kidogo cha upepo, viazimwe kwa zamu kwa wanachama wanaokwenda nyumbani kwa likizo. Gharama ya vyombo hivyo ni ndogo sana kando ya mkopo mmoja uliopotea. Mtu apime upepo wa kwao kabla ya kununua, na apime betri yake baada ya kununua. Pili, wanaotaka vinu wasiende dukani mmoja mmoja. Wakienda kumi pamoja na karatasi moja ya maswali, muuzaji atajibu kwa adabu.

Ndugu zetu, katika mambo ya mshahara tumezoea kudai hesabu iliyoandikwa, wala hatukubali neno la mdomo la tajiri. Stima ya nyumbani nayo ni mshahara wetu uliogeuzwa kuwa mwangaza. Tuidai hesabu yake vivyo hivyo.

Wanaotaka majina yao yaandikwe kwa zamu ya mita wamwone Katibu wa tawi baada ya mkutano.

Umoja ni nguvu.